Tazama Ukutani

Nimefundisha kemia hapa Kasongo kwa miaka kumi na moja, na miaka hiyo yote kulikuwa na karatasi moja ukutani yenye nguvu kuliko mimi. Tunaiita tablo. Ni jedwali la elementi, lile la vijisanduku na herufi, ambamo kila kitu cha asili kilichojenga dunia kimepewa namba yake. Mapadri walioendesha shule zamani waliileta kutoka Ulaya mwaka 1962. Imetiwa fremu ya mbao na nailoni juu yake, na kila Septemba, siku ya kufungua masomo, Prefe wetu, yaani mkuu wa shule, Bwana Muzaliwa, huifuta vumbi kwa kitambaa cheupe mbele ya wanafunzi wote. Hakuna kitu kingine kinachofutwa vumbi shuleni petu. Choo cha wasichana hakina mlango tangu sijui lini, lakini tablo inang'aa.

Na tablo ile inaishia namba 103.

Nasema hivi kwa hasira na siombi radhi. Mtu yeyote mwenye simu pale sokoni anaweza kukuambia kwamba elementi zimefika 118. Tablo yetu haina habari. Hata alama ya hiyo 103 yenyewe ni ya kale, imeandikwa Lw, na wataalamu waliibadilisha kuwa Lr mwaka mmoja tu baada ya karatasi ile kuchapwa. Yaani ilichakaa ikiwa mpya, na sisi tukaitengenezea fremu.

Jina langu ni Chadia. Mtaani kwetu, karibu na msikiti, wanasema niliota mdomo kabla ya meno. Sikatai. Ndiyo maana Alhamisi ile, matokeo yalipobandikwa, kila aliyeniona nakaribia alijisogeza pembeni.

Yalikuwa matokeo ya mtihani wa kumchagua mwanafunzi mmoja wa kwenda Kindu kwenye mashindano ya kemia ya mkoa. Mmoja tu kwa kila shule. Atakayeshinda huko anapewa nafasi ya chuo kikuu na kusomeshwa mpaka mwisho. Mwanafunzi wangu Fifi hana njia nyingine. Watu wake walitoka upande wa Butembo kufuata dhahabu ya Lusangi, wazazi hawapo tena, na shangazi anayemlea mjini amekwisha kumwambia kwamba baada ya darasa la sita, la mwisho la sekondari, ataenda naye shambani. Fifi alipata kumi na tisa juu ya ishirini. Yassine, mtoto wa mwenye duka la vitenge, alipata ishirini.

"Ulikosa nini?" nilimuuliza.

"Namba ya tatu, Madamu. Waliuliza elementi iko ngapi. Niliandika mia moja kumi na nane." Hakulia. Afadhali angelia. "Basi, Madamu, iko ngapi?"

Damu ilinichemka mpaka masikioni. Kuulizwa hivyo na mtoto niliyemfundisha mwenyewe!

Somo la jedwali ndilo ninalolipenda kuliko yote, na silifundishi kutoka ukutani. Nakata maboksi ya biskuti, tunatengeneza kadi sitini na tatu, kwa sababu mwaka 1869, Mrusi aitwaye Mendeleev alipokaa kuzipanga elementi, zilizojulikana zilikuwa sitini na tatu tu. Wanasema naye aliziandika kwenye kadi, akawa anazipanga na kuzipangua kama mtu anayecheza karata. Alizipanga kwa uzito, nyepesi mbele, nzito nyuma, akaona kwamba kila baada ya hatua kadhaa tabia zinarudi zilezile. Lakini mahali pengine kadi zilikataa kukaa. Mtu mwingine angezibana tu, mambo yaishe. Yeye aliacha nafasi wazi. Akasema hapa kuna kitu ambacho hatujakipata, na kikipatikana kitakuwa na uzito huu na tabia hii. Miaka sita baadaye Mfaransa mmoja akagundua metali mpya, galiumu, akatangaza vipimo vyake. Mendeleev, ambaye hajawahi hata kuiona, akasema vipimo hivyo vina kosa, vichukuliwe upya. Mfaransa akasafisha metali yake vizuri, akapima tena, akakuta Mrusi alisema kweli. Tukifika hapo darasa zima hupiga meza.

Halafu huwaambia na aibu yake. Ilipogunduliwa argoni, hewa isiyopenda kuchanganyika na kitu chochote, haikuwa na pa kukaa kwenye jedwali, na Mendeleev huyohuyo aliikataa kwa miaka. Alidai ni naitrojeni tu ya namna nyingine. Mwishowe ilibidi jedwali liongezwe safu nzima. Mtu aliyewaachia nafasi wageni wake alimfungia mlango yule ambaye hakumtarajia. Wanafunzi hucheka sana, na mimi hucheka nao. Nilikuwa nacheka, basi.

Ijumaa, wakati wa mapumziko, niliingia chumba cha walimu. Wenzangu wote walikuwepo na vikombe vyao vya chai, na Bwana Muzaliwa amekaa mwisho wa meza.

"Karibu chai, Madamu Chadia."

"Sikuja kwa chai, Bwana Prefe. Jibu ya Fifi iko ya kweli na mulimukata pointi. Elementi iko mia moja kumi na nane."

"Jibu iko kwenye ukuta, Madamu."

"Ukuta haujasoma kitu tangu 1962!"

Mwalimu wa historia akakohoa ili asicheke. Nilikuwa nimewaka, sikujali. Nikasema kwamba tunafuta vumbi kwenye uongo kwa kitambaa cheupe. Nikasema tunamnyima mtoto maisha yake kwa sababu anajua kuliko fremu. Nikauliza ni nani huyo aliyesahihisha mtihani bila kufikiri, maana mimi mwenyewe sikuruhusiwa kuusahihisha, kwa kuwa Fifi ni wa darasa langu. Nikasema mtu huyo, awe nani, hastahili kushika chaki.

Bwana Muzaliwa hakupandisha sauti. Hilo ndilo linaloniudhi kwake siku zote, hapandishi sauti. Aliinuka, akafungua kabati, akatoa faili la rangi ya kahawia.

"Mi nilisahihisha. Lakini sikutumia kichwa yangu, nilitumia korije." Korije ndiyo karatasi ya majibu ambayo msahihishaji huifuata. Akaiweka mbele yangu, juu ya makombo ya mkate. "Maswali tunayarudilia kila mwaka, korije iko moja. Soma, Madamu. Soma na sahihi iko chini."

Namba ya tatu: 103. Mwandiko ulikuwa wangu. Sahihi ilikuwa yangu, tarehe ya Novemba 2014, na ile mistari miwili niliyokuwa napenda kupiga chini ya jina langu nilipokuwa mwalimu mpya mwenye majivuno.

Nilitamani ardhi ipasuke. Niliikumbuka siku ile vizuri. Nilikuwa nimetoka masomoni Bukavu, ambako nilikuwa nimeona jedwali jipya kwa macho yangu, lililopita tablo ile mbali sana. Nilijua. Lakini enspekta, mkaguzi wa shule, alikuwa anakuja, na nikaambiwa kwamba enspekta huuliza mambo ya ukutani. Basi nikawaambia wanafunzi: ziko zaidi, lakini kwenye mtihani andikeni za ukutani. Mwaka uliofuata nikasema nusu ya pili tu. Baadaye, nilipopata moyo na kuanza somo la kadi, sikurudi kabatini kuitafuta korije yangu. Ilikaa humo ikila pointi za watoto, na mimi niko darasani nacheka habari za argoni.

"Korije yenye sahihi haibadilishwi na makelele," alisema Prefe. "Mwenye kuiandika aandike barua kwamba alikosa. Na aweke majina ya wale aliowakosesha tangu hiyo 2014. Ukileta Jumatatu, nabadilisha liste, nafuta Yassine, naweka Fifi. Nasema mbele ya wote."

Alisema kwa tabasamu la mtu anayejua kwamba barua kama hiyo haiandikwi. Nakala yake ingekwenda kwa enspekta na kukaa kwenye faili langu mpaka siku ya kustaafu.

Wengi waliandika 103 kama nilivyowaamuru, hao sikuwanyima pointi, niliwanyima ukweli tu. Lakini lilikuwepo jina moja ambalo sikuhitaji kulitafuta kwenye daftari lolote. Katembo, darasa la nne, Juni 2017. Kijana mrefu, mbishi, aliyekaa karibu na dirisha. Mwishoni mwa mwaka uliotangulia alikuwa amesikia redioni kwamba elementi nne mpya zimepewa majina na hesabu sasa ni 118. Alinyoosha mkono kuniambia. Nikamjibu kwamba mtihani hautungwi na redio, darasa likamcheka. Mwisho wa mwaka akaandika 118 hivyohivyo. Nilimpa sifuri juu ya mbili, na pembeni nikaandika kwa kalamu nyekundu: TAZAMA UKUTANI! Jumla yake ilikuwa 49 juu ya mia, na kupita ni 50. Mjomba aliyekuwa anamsomesha akasema hasomeshi mtu wa kurudia darasa, na kijana akaenda kwenye mashimo ya dhahabu ya Lusangi. Nilisikia habari hiyo kama ninavyosikia kwamba mvua imenyesha huko mbali Wamaza.

Sikutaka kuandika jina lake bila kumwona. Nilimuuliza Fifi kama kwao Lusangi kuna mtu anayemjua mchimbaji aitwaye Katembo.

Alishangaa. "Katembo iko kaka yangu, Madamu. Yeye njo alinifundisha tablo, mbele nikuje kwenu. Mi nilifikiri munajua."

Kumbe hata Fifi sikumfundisha mimi.

Jumamosi tulipanda pikipiki, mimi na yeye nyuma ya mwendeshaji, na tulifika Lusangi tumejaa vumbi mpaka kwenye nyusi. Katembo alikuwa kijitoni, ameinama juu ya karai, anazungusha maji ili mchanga mwepesi utoke na ule mzito mweusi ubaki chini. Aliponiona alisimama, akajifuta mikono kwenye suruali. Amekuwa mtu mzima, ana ndevu na kovu kwenye paji la uso.

"Madamu Chadia! Mulikuja kutazama ukuta yangu?"

Sikujua anasema nini mpaka alipotupeleka kwenye kibanda chake. Mlango wa mbao ulikuwa umechorwa jedwali zima kwa makaa, vijisanduku vyote, kuanzia cha kwanza mpaka 118, na mistari iliyofutika ilikuwa imechorwa upya, tena na tena. Kwenye sanduku la elementi ya bati alikuwa amebandika punje ya jiwe kwa utomvu wa mti, na kwenye la dhahabu chembe isiyozidi kichwa cha sindano. Masanduku ya niobi na tantali, ambayo yamekaa moja juu ya jingine, yalipewa jiwe moja jeusi lililofunika yote mawili.

"Hizi mbili zinakaa ndani ya jiwe moja," alisema Katembo. "Nilisoma kwa simu. Wakubwa wa Ulaya walibishana miaka makumi tatu na zaidi, wengine wanasema iko kitu kimoja, wengine wanasema ni viwili. Wenye kusema kimoja walikosa, Madamu. Makumi tatu na zaidi! Hakuna mutu aliwafukuza masomo. Mi nilisema kweli mara moja tu, na ninyi mukaniandikia nyekundu."

Nilikuwa nimetayarisha maneno njia nzima.  Nikamwambia nilikosa, kwamba nilijua na nikaogopa enspekta, na kwamba nimekuja kumwomba msamaha na kumwomba ruhusa ya kuandika jina lake kwenye barua ili dada yake aende Kindu.

 Hasira ikampanda, na haikuwa ndogo. "Mulijua? Mi miaka yote nasema, Madamu hakujua, si kosa yake, hata yeye alidanganywa na tablo. Nilikuwa nakutetea kwa watu! Kumbe mulijua!"

Fifi alimshika mkono, yeye akauchomoa. Aliingia ndani, akakaa humo kwa muda, akarudi na mfuko wa plastiki uliofungwa fundo. Ndani yake mlikuwa na kopi yake ya mtihani, ile karatasi aliyojibia, imekunjwa mara nne, na maandishi yangu mekundu yamefifia kidogo tu.

"Niliichunga juu ya hasira," alisema. "Peleka. Na jina yangu uandike kubwa."

Jumatatu nilimpa Bwana Muzaliwa barua yenye jina moja, na kopi juu yake. Nilisimama mbele ya walimu walewale. Alisoma yote, akaigeuza kopi, akaitazama ile nyekundu, akatazama ile 49. Nilingoja atafute mlango wa kutokea, nilikuwa na maneno yangu tayari mdomoni kwa ajili hiyo. Hakuutafuta. Akavuta liste ya majina, akapiga mstari juu ya jina la Yassine, akaandika Fifi. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini enspekta anakuja lini, na hapo nilielewa kwamba na yeye ameishi maisha yake yote akimwogopa huyo huyo enspekta. Hilo halikunipoza. Watu wazima wawili, kila mmoja na woga wake, na anayelipa ni mtoto.

Mchana nilikwenda darasani, nikapanda juu ya kiti na kuiondoa tablo kwenye msumari. Ni nzito kuliko inavyoonekana. Prefe aliichukua ofisini kwake, na nina hakika bado anaifuta vumbi.

Nilipotoka, Yassine alikuwa ananingoja barazani. Nilijikaza, nikafikiri nitasikia habari za baba yake na duka lao.

"Madamu, sina kinyongo," alisema. "Hata mi nilijua iko mia moja kumi na nane. Niliandika mia moja na tatu juu ninyi munapenda ile ya ukutani."

Alisema bila ubaya wowote, kwa adabu kabisa. Ningependa angenitukana. Huyo ndiye mwanafunzi tuliyempa ishirini juu ya ishirini, na kwa kweli aliistahili, kwa kuwa alikuwa amelishika vizuri kuliko wote lile somo ambalo tulikuwa tunalifundisha.

Jumanne asubuhi Fifi alikuwa tayari uani na begi lake. Katembo alikuja na pikipiki ya kuazima kumpeleka mpaka pa kupandia gari la Kindu. Alikuwa amenyoa ndevu na kuvaa shati jeupe lililopigwa pasi. Nilimwita pembeni, nikamrudishia kopi yake. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimechukua kalamu nyekundu, nikafuta sifuri, nikaandika mbili, nikafuta 49, nikaandika 51. Nikatia sahihi na tarehe, bila ile mistari miwili.

Aliitazama sana, midomo ikijongea kama anayejumlisha.

"Basi nilipita."

"Ulipita."

"Juni 2017."

"Juni 2017, Katembo."

Aliikunja mara nne, kwenye mikunjo yake ileile, akaitia mfukoni. Akageuka kuitazama milango ya madarasa, mmoja baada ya mwingine.

"Darasa ya tano iko mulango gani, Madamu?"

Nilidhani ananitania. Nilimtazama usoni, hakuwa anatania. Nikamwonyesha ule ambao angeuingia Septemba ile, wa tatu kutoka kwenye bendera. Alivuka uwanja polepole, akajifuta viatu, akasimama mlangoni na kuingiza kichwa. Wanafunzi walipomwona waliacha kuandika, wote wakainuka kama wanavyomwinukia mtu mzima yeyote, wakamwamkia kwa sauti moja.

Katembo akawaambia wakae.